Mbolea ya Machi haimlindi mkulima Novemba

Barua ya wazi kwa wabunge wa Kamati ya Bajeti na Matumizi ya Bunge la Kitaifa, Nairobi

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Trans Nzoia, wakati mnapoyapitia makadirio ya matumizi ya Serikali kifungu kwa kifungu. Katiba inataka makadirio hayo yawafikie angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, kwa hiyo huletwa Bungeni kufikia mwisho wa Aprili. Kwetu huo ni wakati mahindi yameota na palizi ya kwanza inaanza. Kufikia Juni, mnapokaa kuyapitisha, mahindi yamefika magotini na yanadai mbolea ya kukuzia. Bajeti yenu na shamba letu huanza karibu pamoja. Baada ya hapo kila kimoja hushika njia yake, na hapo ndipo tunapoumia.

Nina jambo moja la kuwaambia. Mjadala wa kumsaidia mkulima umekuwa wa kiasi cha pesa: serikali ipi ilitenga bilioni ngapi, upinzani unadai ziongezwe ngapi, Hazina inasema haina ngapi. Kiasi ni muhimu. Lakini mimi niliyelima mahindi huku kwa maisha yangu yote ya utu uzima nawaambia kwamba kinachotuangusha zaidi ni wakati. Pesa zinazofika baada ya mahindi kuuzwa hazimfikii aliyeyalima. Zinamfikia aliyeyanunua kwake.

Kwanza niseme ukweli kuhusu mbolea, kwa sababu wengi wanaoijadili wanaijadili kama wafuasi wa chama. Tarehe 13 Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kwamba mifuko milioni 1.4 ya mbolea ingeuzwa kwa shilingi 3,500 badala ya 6,500 kwa mfuko wa kilo 50. Alisema pia kwamba Serikali yake ingependelea kusaidia uzalishaji kuliko kulipia ulaji. Mwaka uliofuata bei ikashushwa tena hadi 2,500. Mwaka ule wa 2022, baada ya vita vya Ukraine kupandisha bei duniani kote, niliona mashamba yaliyopandwa bila mbolea kabisa, mengine kwa kiganja kimoja pale palipohitaji viwili. Mahindi yalitoka ya manjano na membamba. Kwa hiyo siwezi kuungana na wanaosema ruzuku hii ni siasa tupu. Imefika shambani na imeonekana kwenye mavuno. Aliyeanzisha anastahili sifa, hata kama sikumpigia kura.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Ekari moja ya mahindi huku hutumia mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia na mmoja wa kukuzia. Kwa bei ya 6,500 hiyo ni shilingi 13,000. Kwa bei ya 2,500 ni 5,000. Ruzuku imeniachia shilingi 8,000 kwa ekari. Ekari hiyohiyo, mvua ikiwa nzuri na viwavijeshi wasiposhambulia, hunipa magunia 20 ya kilo 90. Bei ya gunia ikishuka kwa shilingi 400 tu wakati wa kuvuna, ruzuku yote imekwisha. Ikishuka kwa 1,000, nimepoteza 20,000, yaani ruzuku ya mwaka huu na ya mwaka ujao, na bado nadaiwa.

Bei kushuka kwa kiasi hicho si jambo geni. Kila mavuno yakiwa mazuri hushuka, na sababu zinajulikana na kila mtu isipokuwa, inaonekana, na wanaopanga malipo ya Serikali. Eneo zima la kaskazini mwa Bonde la Ufa hupanda Machi na Aprili na kuvuna kati ya Oktoba na Desemba. Tunavuna wote kwa pamoja. Mahindi ya Uganda nayo huvuka mpaka wakati huohuo. Mengi yanatoka shambani yakiwa mabichi, unyevu ukiwa juu sana ya asilimia 13.5 inayokubaliwa, na hakuna pa kuyaanikia ila turubai uani. Aliyekodisha trekta kwa mkopo anadaiwa. Krismasi imefika. Januari shule zinafunguliwa na karo inatakiwa siku ya kwanza. Dalali anayajua haya yote kuliko mimi. Huja na kanta yake hadi mlangoni, hana foleni, hana fomu, analipa papo hapo. Simchukii. Yeye ndiye mnunuzi pekee anayefika kwa wakati, na ndiyo maana anapanga bei.

Serikali nayo hufika lini?

Mwaka 2018 unatosha kuwa ushahidi. Mwezi Mei mwaka huo taifa lilijua kwamba wafanyabiashara walilipwa mabilioni kwa mahindi waliyopeleka kwenye maghala ya Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, huku wakulima waliopeleka ya kwao wakisubiri malipo kwa miezi. Seneti iliunda kamati maalumu kuchunguza. Kisha mavuno mapya yakaja. Msimu uliotangulia bei ya Serikali ilikuwa 3,200 kwa gunia. Safari hii ikatangazwa 2,300, mahindi yakiwa yameshavunwa na mengine yameshauzwa. Wakulima wakalalamika, viongozi wa eneo hili wakalalamika, na mwanzoni mwa 2019 bei ikapandishwa hadi 2,500. Nyongeza hiyo ya shilingi 200 ilimfaidi nani? Mkulima wa ekari mbili alikuwa ameshauza kabla ya Krismasi. Nyongeza ya Januari iliwakuta na mahindi watu wawili tu: mkulima mkubwa mwenye ghala lake, na dalali.

Au chukueni Novemba 2022. Kaskazini na mashariki mwa nchi misimu ya mvua ilikuwa imekosekana mfululizo, mifugo inakufa, watu wana njaa ya kweli. Wakati huohuo sisi tulikuwa katikati ya kuvuna. Hapo ndipo Waziri wa Biashara wa wakati huo, Moses Kuria, alipotangaza mpango wa kuagiza magunia milioni 10 ya mahindi bila ushuru. Hakuna mkulima ninayemjua anayetaka mtoto wa Turkana au Marsabit alale njaa ili yeye auze kwa bei nzuri. Nchi ilihitaji chakula. Lakini mahindi ya kigeni hayakuwa hata melini, na tayari wanunuzi walikuwa wanatuambia mlangoni kwamba ya bei rahisi yako njiani, kwa hiyo tupunguze bei. Tangazo hilohilo lingeweza kutolewa Februari, pamoja na tarehe za kufungua na kufunga dirisha la kuagiza, na watu wa kaskazini wasingepungukiwa na kitu.

Hapa niseme jambo ambalo nadhani Kamati yenu haijalipa uzito wake. Ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi kutoka nje ya Jumuiya ni asilimia 50. Mnapousamehe, mnatumia pesa za umma sawasawa na mnaponunua mbolea. Tofauti ni kwamba mbolea imeandikwa kwenye makadirio, mnaipigia kura na mnaulizwa maswali, na msamaha wa ushuru hupita kwa tangazo la Gazeti Rasmi. Serikali inaweza kutenga mabilioni ya kuniinua Machi na kuacha mabilioni mengine yaniangushe Novemba, na katika vitabu vyenu ikaonekana kana kwamba imenisaidia tu. Nawaomba msamaha wowote wa ushuru wa chakula uletwe mbele yenu kama matumizi, ukiwa na kiasi chake na miezi yake. Na miezi hiyo isiwe Oktoba hadi Januari.

Kuna hoja ninayoisikia kila mjadala huu unapoanza, na si ya kupuuzwa: kwamba bei nzuri kwa mkulima ni unga ghali kwa mtu wa Kibera na Mathare. Ndiyo maana mwaka 2017 Serikali ililipia unga hadi pakiti ya kilo mbili ikauzwa kwa shilingi 90, na Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, ikailipia tena iuzwe kwa 100. Mara zote mbili pesa zilikwenda kwa wasagaji, na punguzo halikudumu. Lakini wanaotugombanisha na watu wa mjini wamesahau kwamba wakulima wengi wadogo wa mahindi ni wanunuzi wa mahindi pia. Jirani yangu wa ekari moja na nusu huuza Novemba kwa bei ya chini kwa sababu ya karo, kisha Juni anakwenda sokoni na gorogoro kununua kwa bei ya juu, pengine mahindi yaleyale aliyoyauza. Huyu hahitaji kuchaguliwa kama ni mkulima au mlaji. Bei ikipunguza kuyumba kati ya Novemba na Juni, yeye na mtu wa Kibera wanapona kwa dawa moja.

Nasema hivi nikijua historia. Sitaki turudi enzi ya kabla ya 1993, Bodi ilipokuwa mnunuzi pekee na mkulima akihitaji kibali kusafirisha magunia yake kutoka wilaya moja hadi nyingine. Siombi Serikali inunue mahindi yote. Nchi huvuna zaidi ya magunia milioni 40 mwaka ukiwa mzuri, hakuna Hazina inayoweza kubeba hayo. Lakini sehemu kubwa ya mavuno huliwa nyumbani na haifiki sokoni kamwe, kwa hiyo mnunuzi anayeingia sokoni na pesa taslimu mwezi Oktoba, hata kwa magunia milioni 2, anasikika. Kwa bei ya 4,000, ambayo Bodi ilinunulia mwishoni mwa 2023, hayo ni shilingi bilioni 8. Na pesa hizo hazipotei kama za unga wa 2017 na 2022. Mahindi yaliyonunuliwa Oktoba huuzwa kwa wasagaji Mei na Juni, soko likiwa kavu, na pesa zikarudi kununua mavuno yanayofuata. Zikipotea, zimeibwa, na hilo ni suala la jela, si la bajeti.

Tatizo ni kwamba pesa hizo, hata zinapotengwa, hazipatikani Oktoba. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti zimekuwa zikionyesha mwaka baada ya mwaka kwamba pesa nyingi za maendeleo hutolewa kuelekea mwisho wa mwaka wa fedha. Kwa barabara, hilo ni hasara lakini barabara inaweza kusubiri. Kwa ununuzi wa mavuno, pesa zinazotolewa Aprili hazina kazi tena. Halafu kuna bajeti za ziada, ambazo mara nyingi huja mwaka mpya ukiwa umeshaanza, na hizo ndizo zimekuwa kimbilio la kila ahadi ya mahindi. Waziri anaahidi Novemba kwamba pesa zitatafutwa. Zinatafutwa kweli. Zinapatikana Machi.

Mwaka 2024, baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa kufuatia maandamano ya vijana, matumizi yalikatwa haraka katika sekta nyingi. Vijana wale walikuwa na haki ya kukataa kodi walizozikataa, na baadhi yao walikufa wakizikataa. Ninachoomba ni kwamba wakati mwingine Hazina itakapolazimika kukata, muwe mmeandika mapema ni vifungu gani haviwezi kuguswa kwa sababu vina msimu. Ununuzi wa mavuno uwe kimojawapo. Pesa zake zitolewe katika robo ya kwanza ya mwaka wa fedha, Julai hadi Septemba, zikae kwenye akaunti zikisubiri mahindi. Mahindi yasisubiri pesa.

Na bei itangazwe kabla hatujapanda. Kufikia Februari mkulima ajue Serikali itanunua kwa bei gani Oktoba, ndipo aamue kama atalima ekari zote mahindi au nusu apande viazi, maharagwe au alizeti. Leo tunapanda gizani. Bei tunaisikia redioni mahindi yakiwa kwenye magunia.

Kuhusu malipo sina maneno mengi. Dawa ya deni ni kulipa. Nina wenzangu waliopeleka mahindi kwenye maghala ya umma miaka iliyopita wakalipwa wakati wa kupanda ulipokuwa umeshapita, na wakapanda kwa mkopo wa riba kubwa huku Serikali ikiwadai kodi kwa tarehe. Andikeni katika ripoti yenu kwamba mkulima alipwe ndani ya siku 14, na kila siku inayozidi iwe na riba. Hazina inajua kulipa riba. Inawalipa wakopeshaji wa kigeni bila kukosa.

Narudi kwenye mbolea, maana hata ile ya Machi ina shida zake za wakati. Mfuko wa bei nafuu unaofika kwenye bohari katikati ya Aprili, mvua ikiwa imeshanyesha wiki tatu, ni mfuko uliochelewa kwa aliyepanda kwa wakati. Ujumbe wa simu unaniambia niende kuchukua mifuko yangu, nakwenda, mbolea ya kupandia imekwisha, imebaki ya kukuzia. Nauli ya kwenda na kurudi, na ya bodaboda ya kubeba mifuko, inapunguza lile punguzo. Vyama vya ushirika vilivyoruhusiwa kuleta mbolea karibu vimesaidia pale vilipofanya kazi. Mbolea ya kupandia iwe kwenye wadi kufikia mwisho wa Februari. Hili linawezekana tu kama pesa za kuiagiza zimetolewa kabla ya Krismasi, kwa sababu meli haitoki ng'ambo hadi Mombasa kwa wiki moja.

Kuharakisha bila kukagua nako kumetugharimu. Machi 2024 waandishi wa habari walifichua kwamba mifuko iliyouzwa katika mpango wa bei nafuu ilikuwa na vitu visivyoweza kulisha mmea. Tarehe 2 Mei Bunge lenu lilipiga kura 149 dhidi ya 36 kutaka Waziri wa Kilimo wa wakati huo aondolewe. Kamati ya wabunge 11 ikachunguza, na siku 11 baadaye ikasema tuhuma dhidi yake hazikuthibitishwa. Siko hapa kufungua upya kesi hiyo. Ninachojua ni kwamba nchi ilitumia majuma hayo kujadili cheo cha mtu mmoja, na wakulima walioweka mchanga kwenye mashimo ya mbegu walikuwa wameshapoteza msimu. Serikali iliahidi kuwafidia waliouziwa. Mfuko wa mbolea unaweza kurudishwa. Mwezi Machi haurudi, na huku tunapanda mahindi mara moja tu kwa mwaka.

Kwa hiyo kila mnapotenga bilioni ya mbolea, tengeni pia pesa za kuipima kabla muuzaji hajalipwa: maabara, wakaguzi wa ubora, na sampuli kutoka bohari badala ya ofisini. Na muzipe kaunti maafisa wa kilimo wa nyanjani. Kilimo ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, lakini pesa kubwa na sifa kubwa zimebaki Nairobi. Nilipokuwa kijana afisa wa kilimo alikuja shambani kwa baiskeli. Sasa udongo wetu umekuwa na asidi nyingi kwa sababu ya miaka ya kutia mbolea ileile ya DAP, na wengi hawajui kwamba wanahitaji chokaa kwanza kabla ya mbolea yoyote kufanya kazi vizuri. Ruzuku inayomwagwa kwenye udongo usiopimwa inapotea ardhini.

Kuna wanaosema pesa hizi ni zawadi kwa Bonde la Ufa, kwa sababu ya anayetawala. Wanaosema hivyo wanatembea kidogo. Mbolea hutumika kwenye viazi vya Nyandarua, mpunga wa Mwea, chai ya Nyamira, mahindi ya Bungoma na Migori. Malalamiko yanayonigusa ni ya mfugaji. Mfuko wa mbolea haumsaidii mtu wa Wajir kitu, na ni haki yake kuuliza sehemu yake iko wapi. Lakini angalieni jambo hili: ni kwa mfugaji huyo ambapo Serikali ilijaribu mpango unaojua kuhesabu miezi. Bima ya mifugo iliyoanzishwa mwaka 2015 Wajir na Turkana ilitumia picha za setilaiti kupima malisho, na malisho yakipungua kupita kiwango fulani mfugaji alilipwa. Hakuna aliyetakiwa kuonyesha mzoga. Lengo lilikuwa pesa zifike ng'ombe akiwa hai, ili mwenyewe anunue nyasi na maji. Mpango ule ulikuwa na mapungufu, bajeti yake ilikuwa ndogo, na wengi walibaki nje. Fikra iliyo ndani yake ndiyo ninayoiomba kwa mkulima wa nafaka: malipo yawekwe mapema, masharti yajulikane mapema, na tukio lenyewe liyafungue bila kumsubiri mwanasiasa.

Tahadhari nyingine inatoka Malawi. Nchi hiyo ilianza mpango mkubwa wa ruzuku ya mbegu na mbolea msimu wa 2005/06, ikapata mavuno makubwa, hata ikauza mahindi nje. Dunia ikaisifu. Kisha mpango ukazidi kukua hadi ukameza sehemu kubwa ya bajeti ya wizara ya kilimo, vitu vingine vikakosa pesa, na mvua zilipokosekana njaa ikarudi. Sisi tunaelekea njia hiyo tukidhani kumsaidia mkulima ni kuongeza idadi ya mifuko kila mwaka. Afadhali mifuko ibaki ilivyo, na kila shilingi mpya iende kwenye mavuno.

Mavuno yanahitaji nini zaidi ya mnunuzi? Mahali pakavu. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilitukuta mahindi yakiwa shambani na uani. Serikali ilileta mashine za kukaushia za kuhamishika, na nasema tena, ilikuwa hatua njema. Lakini mashine iliyo mjini haimfai mwenye magunia manane yaliyoanza kuota kilomita 30 kutoka hapo, barabara ikiwa tope. Mahindi yakikaa na unyevu huingiwa na sumukuvu, na hapo si suala la bei tena. Wizara ya Afya ingepaswa kudai sehemu ya bajeti hii. Kila wadi inayolima mahindi iwe na mashine yake ya kukaushia, chini ya ushirika, kwa ada inayolipika.

Na sheria ya stakabadhi za ghalani mnayo tangu 2019. Bunge lilifanya kazi yake. Mkulima anaweka mahindi makavu kwenye ghala lililoidhinishwa, anapewa stakabadhi, na kwa stakabadhi hiyo benki inamkopesha pesa za karo huku mahindi yakisubiri bei ya Mei. Huo ndio uhuru ambao mkulima mkubwa anao siku zote. Kilichobaki ni pesa za kukarabati maghala, kuyakatia bima, na kuweka dhamana ili benki zisiogope magunia ya mtu mdogo. Ni kiasi kidogo mkilinganisha na mbolea, na nadhani ndiyo maana hakuna anayekipigania. Hakuna picha ya kupigwa gunia likikaa ghalani.

Waheshimiwa, mwaka 2003 mjini Maputo viongozi wa Afrika, Kenya ikiwemo, waliahidi kwamba angalau asilimia 10 ya matumizi ya serikali ingekwenda kwenye kilimo. Ahadi ikarudiwa Malabo mwaka 2014. Hatujaifikia. Sitawadanganya kwamba natarajia muifikie mwaka huu, na nchi yenye madeni kama yetu. Ninachokiomba kinaweza kufanyika kwa pesa mlizonazo, katika kikao hiki, kwa kalamu mliyoishika.

Wekeni kifungu cha ununuzi wa mavuno katika makadirio ya Juni. Msikiachie bajeti ya ziada. Kiandikieni tarehe ya mwisho ya kutolewa pesa, iwe Septemba 30, na mumwite Waziri wa Fedha mbele yenu Oktoba 1 aeleze kama zimetoka. Mtakeni Waziri wa Kilimo atangaze bei ya mavuno kila Februari. Wekeni siku 14 za malipo. Mkishindwa yote, fanyeni hili la kwanza peke yake, kisha njooni Kitale, Moi's Bridge na Ziwa wakati wa kuvuna, muwaulize wakulima bei ya gunia mlangoni. Jibu watakalowapa ndilo ripoti ya kazi yenu.

Wenu,
Mkulima wa mahindi,
Trans Nzoia